Bidole tatu ku mulango ya motokari ya bantu

Hii haya yangu naisema miye mwenyewe, na kinywa yangu, mbele Mama Zaina hajaifikisha ku soko na kuiongeza chumvi. Benye balikuwa pale ni aba: miye Mujinga, Célestin, mutoto yangu wa tatu, dereva wa kamiyo (lori) na shemasi ku kanisa, Mama Zaina, jirani yangu wa Kamalondo, muntu wa Maniema, mwenye anauzishaka tangawizi na bintu bingine ku soko, Madame Régine, mukubwa wa bureau ya kukodisha motokari, Papa Kalenga, mwenye anaoshaka zile motokari, na papa mumoja Ilunga, mwenye hakuwa ndugu ya muntu yeyote pale, alikuja tu kutafuta motokari ya harusi, mais lakini jina yake nilimuuliza, juu miye siwezi kukaa pembeni ya muntu bila kujua jina.

(Jina yangu musicheke. Kwa Kiluba, Mujinga ni mutoto mwenye alizaliwa na kamba ya kitovu ku shingo. Kwa Kiswahili munajua benyewe. Miaka yote nimeishi katikati ya hizi luga mbili bila matata, mpaka ile siku njo Kiswahili kilinishinda.)

Bon. Maneno ilianza siku ya posho, njo jumamosi, siku ya harusi ya mujukuu yangu Nadège, binti ya Célestin. Célestin alikodi jeep moja nyeusi, inang'aa sawa kiatu ya mwalimu mupya, juu ya kupeleka bibi-harusi, na ile bureau ilishika permis yake ya kuendesha, ati ataipata wakati motokari itarudi bila alama. Asubuhi sana nilisimama mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, naangalia ile motokari, na roho yangu ikaniuliza: Mujinga, mujukuu yako atatoka mu nyumba bila pemba?

Pemba ni ule udongo mweupe. Kwetu, muntu akiolewa ao akienda safari, muzee anamupakaa kidogo, njo baraka. Mais Célestin, tangu alifanyikaka shemasi, alinikatazaka, na nilimuahidi mbele ya pasta, mukono juu, ati nimeacha. Kumbe siku mbili mbele ya harusi nilikuwa nimekwisha kuinunua kwa Mama Zaina (ba mama benye mimba njo banakulaka ile pemba, basi Mama Zaina aliniangalia tumbo, miye nkambo, bibi ya bajukuu, akasema: "Nkambo Mujinga, Mungu ni mukubwa! Iko ya miezi ngapi?").

Kumupakaa Nadège ku uso, na poudre yote ya saluni, haikuwezekana. Nikasema: nitapakaa motokari, motokari haiendake kutubu. Nikachanganya pemba na mayi na mafuta kidogo, juu upepo usiiondoshe, nikateremusha bidole tatu ku mulango ya nyuma, pale chini, nikaangusha ba ruban, zile tepe ya harusi, juu yake. Hakuna mwenye aliona. Na miye, kwa kucheza harusi, nilisahau.

Siku ya Mungu, jumapili mangaribi, Célestin alirudisha motokari. Kazi moja, njo jumatatu asubuhi, simu: Madame Régine anasema mulango imeparuzwa, mistari tatu nyeupe, muligonga kintu, dola mia mbili, na permis haitoke mbele ya kulipa. Sasa kesho yake Célestin alipaswa kupeleka kamiyo Kasumbalesa, ku mpaka ya inchi, na bosi wake alikwisha kumuambia: bila permis, kiti napatia mwingine. Nilikuta mutoto yangu, muntu wa miaka makumi tano, amekaa ku kizingiti ameshika kichwa.

"Uligonga?"

"Mama, sikugonga hata kuku."

"Basi twende."

"Twende na nani? Mama, weye bakia."

Kama ningebakia, leo mungekuwa munasikia kintu ingine. Nilivaa kikwembe ya harusi, nikafunga kitambala kipya ku kichwa, nikamuita Mama Zaina awe shahidi (shahidi wa nini, hakujua, mais alifunga meza yake mbio mbio), tukaenda.

Madame Régine alituonyesha photo mu simu. Na haya macho yangu, yenye daktari anasemaka iko na wingu, niliona tu weusi na mistari nyeupe. Roho haikuniambia kintu.

"Hii haitoke kwetu," nilisema.

"Mama, motokari ilitoka hapa safi. Mutoto yako alitia sinyatire ku karatasi."

"Ilitoka safi, ilirudi safi. Tangu ku mulango ya lupango mpaka pale inasimama, nani aliiingiza?"

"Kalenga. Njo anaingizaka zote."

"Na huu ukuta yenu iko rangi gani?"

Bantu yote bakageuka. Ukuta ilikuwa nyeupe pe! Papa Ilunga akapiga makofi: "Haa! Nkambo ni avocat!" Na miye, mwenye masomo iliishiaka mu mwaka wa tatu, kusikia ananiita avocat, ni kusema wakili, nilivimba sawa mukate. Nikasimama, nikasema na sauti ya kusikilika ku barabara: "Kama hii alama ilitoka ku mukono ya muntu wa nyumba yangu, nitatosha hii kitambala ku kichwa na nitaosha nayo motokari zenu!"

Madame hakufanya fujo. Angefanya fujo ningefurahi. Aliita tu: "Kalenga!" Akakuja muzee mwembamba, na tablier ya plastiki ku kifua, mikono inatiririka mayi.

"Uliparuza jeep ku ukuta?"

"Hapana, Madame."

"Huyu mama anasema ni weye."

Akaniangalia. "Mama, uliniona?"

"Sikukuona, mais ukuta iko nyeupe," nilisema, na Papa Ilunga akacheka, na miye, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja naye.

"Tosha tablier," Madame akamuambia. "Tukimaliza kuangalia motokari, utaenda kwako, kazi imekwisha."

Tukatoka wote kuangalia. Nilimuuliza Kalenga na kiburi yote: "Na kwa nini haukuiosha?" Akajibu pole pole: "Banakataza, mama. Motokari yenye iko na alama, haiguswe mbele muntu hajalipa. Njo sheria ya hapa."

Nikainama. Mistari tatu. Wa kwanza murefu. Wa pili murefu. Wa tatu mufupi, umebakia nyuma ya benzake.

Miye, kidole yangu ya pete ku mukono ya kuume, ncha yake ilibakiaka mu mashini ya kusaga mihindi ya Papa Mutombo, wakati Célestin alikuwa angali ananyonya. Tangu pale, kila kintu yenye napakaa na bidole tatu, mustari wa tatu uko mufupi.

Mama Zaina akanifinya mu mbavu.

"We bibi," akasema chini chini, "ile haiko pemba yangu?"

"Nyamaza."

"Iko pemba yangu! Naijua sawa naijua batoto yangu!"

Nilitafuta uongo yote yenye muntu wa umri yangu anaweza kupata mbio mbio. Nianguke? Nizirai? Célestin alikuwa pembeni yangu, shemasi wangu, hajue kintu. Dola mia mbili tungekopa, na siri ingezikwa pale. Mais Papa Kalenga alikuwa amefungua tablier, anaikunja muzuri, mara mbili, mara ine, akaiweka juu ya kiti, na kisha hakujua tena mikono yake aiweke wapi.

"Papa Kalenga," nilisema, "leta ndoo yako."

"Mama, usiguse!" Madame akalalamika. "Ni preuve, ushahidi yangu!"

Nikatosha kitambala ku kichwa, ile ile yenye niliapa, nikaichovya mu ndoo, nikasugua mustari wa kwanza. Ukaenda. Wa pili, ukaenda. Chini yao rangi nyeusi, inang'aa, hata mukwaruzo hakuna. Wa tatu niliuacha, nikaweka kidole yangu kifupi juu yake. Ikaenea sawa kifuniko ku sufuria yake.

"Ni miye," nilisema. "Haikuwa kugonga. Ilikuwa baraka."

Papa Ilunga alicheka mpaka akashika kioo ya motokari ya bantu (Madame akamuambia aiache). Mama Zaina alikaa chini mu vumbi na kikwembe yake safi. Célestin njo hakucheka.

"Mama. Mukono juu. Mbele ya pasta."

"Nilinyanyuaka mukono ya kushoto," nilimujibu. "Nilipakaa na ya kuume."

Madame naye alipata haya yake, juu kwa kintu yenye mayi inaondosha, alikuwa anatuomba dola mia mbili bila hata kuigusa. Akaokota tablier, akamurudishia Papa Kalenga na mikono mibili. Kisha akatosha karatasi, ati tuandike, maneno iishe, permis itoke.

"Motokari haina alama. Sababu ya matata?" akasema akiandika peke yake. Kisha akaniuliza: "Jina?"

"Mujinga."

Akainua macho. "Mama, nimeuliza jina. Sababu nitaiandika miye."

"Njo jina!"

Pale hata shemasi wangu alicheka, mpaka machozi, na permis mu mukono.

Mulizani iliishia pale? Papa Ilunga alikumbusha kiapo ya kitambala. Niliosha motokari tatu, na kikwembe ya harusi, kichwa wazi, Papa Kalenga amekaa juu ya kiti anaonyesha: "Nkambo, pale chini kungali na sabuni." Nilimuomba musamaha. Akasema: "Nimekusamehe, mama, mais magurudumu bado."

Kesho yake asubuhi Célestin alipanda kamiyo ya Kasumbalesa. Mbele ya kuwasha, akaniambia: "Mama, mikono." Nikamuonyesha yote mibili, safi. Na ninyi naapa mbele yenu: motokari nyeusi ya bantu, sitaipakaa tena maisha yangu yote.

Kama nimekosea jina ya muntu, ao nimesahau mwenye alikuwa pale, munisahihishe, Mama Zaina wa kwanza. Mais kamiyo ya Célestin iko nyeupe sawa pemba, na ku ile musiniulize.