Kijiko cha Fundi na Barabara ya Hermanus

Si kweli kwamba fundi magari, jirani yangu, ananipeleka mji wa pwani wa Hermanus kutazama nyangumi ili tukajifiche. Safari ameipanga jikoni kwangu, mlango wazi, wifi yangu Rosaline akichemsha mayai ya kula njiani. Fundi huyo hubisha hodi hata mkiwa mnatazamana. Grisi haimtoki vidoleni, kwa hiyo hakugusa kitambaa changu cha meza. Barabara ya pwani aliichora hewani kwa kijiko, kona baada ya kona. Kwenye kona alikofia mume wangu, kijiko kikasimama.

“Bibi Jaftha, hapa tuzungukie milimani?”

“Tutapita hapo hapo. Utasimama, utavua kofia.”

“Na kiti cha mbele ni changu, wifi,” Rosaline akasema, “wambeya wakose la kutafuna.”

Zaidi ya hapo sisemi neno.