Kifuniko cha Kulalia

Wiki iliyopita nilikuwa barazani kwa fundi cherehani pale Mtanda, nikingoja suruali yangu ya mtumba ipunguzwe kiuno, akaja mzee mmoja na mfuko wa plastiki. Akatoa humo kifuniko cha pua, cha mpira, chenye mikanda miwili.

"Shikamoo mzee," fundi akasema. "Hiki si cha kupulizia salfa kwenye mikorosho?"

"Marahaba. Hiki cha kulalia. Nikilala pumzi hukatika, basi binti yangu kaniletea mashine kutoka Ulaya, inanisukumia hewa puani. Lakini mikanda inanichuna. Tazama."

Akageuza shavu. Lilikuwa na mchubuko mrefu, kama wa kamba.

Fundi akakata flana kuukuu, akaivisha mikanda yote miwili, akamvalisha mzee, kisha akapitisha kidole chini ya mikanda kama anayepima kola.

"Leo mwambie mama akutazame ukishalala. Akiona bado inavuta, uje nilegeze."

Mzee akakivua taratibu.

"Mama yenu ndiye aliyekuwa akinipiga kiwiko pumzi ikikatika," akasema. "Nimeletewa mashine baada ya kumzika."

Fundi akarudi kukanyaga cherehani. Haikuwa na nguo.

Mimi mke wangu hunipiga kiwiko nikikoroma, na kila asubuhi namnunia mpaka chai inapoa. Kesho yake nilikunywa chai ingali moto, nikamwambia ahsante kwa kiwiko.

Akanishika paji la uso, akaniuliza kama nina homa.