Maziwa ya Majonzi

Mwaka mmoja baada ya uhuru nilirudi likizo kutoka chuo kikuu Kampala, nikamkuta dada yangu anakaa eda ya mumewe. Kwa miezi minne na siku kumi hakuruhusiwa kutoka nyumbani kwetu Kibokoni. Alikuwa na mtoto wa miezi kumi, bado ananyonya. Bibi yetu alikuwa ameshakata shauri: mtoto apelekwe Bondeni kwa shangazi mpaka eda iishe, kwa sababu mama mwenye majonzi humnyonyesha mwanawe majonzi.

Dada hakutaka, lakini hakuna aliyemsikiliza. Nikamsemea mimi. Nilikuwa nimesoma saikolojia mwaka mzima na sikubali neno bila ushahidi. Nikamwambia bibi kuwa mtoto wa umri ule hajui kama wengine nao huumia.

"Wewe ushanyonyesha wangapi?" aliniuliza. Wanawake waliokuwa wakichagua mchele wakacheka.

Basi nikakaa mkekani mbele yao, nikafunika uso, nikajiliza. Mtoto alinitazama kidogo, kisha akaendelea kutafuna kofia yangu. Bibi akasema atangoja mpaka Ijumaa ndipo aamue.

Nilikuwa nimeshinda, lakini sikutulia. Nilipanda darini, nikashuka, nikatoka, nikarudi. Kilio changu kilikuwa cha uongo. Je, kama mtoto alilijua hilo?

Alhamisi alasiri nilifika mlangoni kwa dada. Alikuwa ameketi kitandani, machozi yanamtoka bila sauti. Mtoto alikuwa sakafuni na kipande cha mkate. Aliacha kula, akamkodolea macho, midomo ikaanza kumtetemeka. Akatambaa, akashika kitanda, akasimama, akamtia mamake mkate ule mdomoni, umerowa mate. Dada akautafuna.

Majonzi yalikuwa yakimfikia, basi. Bibi alikuwa amesema kweli na hoja yangu ilikuwa bure. Lakini ningemwambiaje mtu amwondoe mtoto yule pale kwa mamake?

Dada alinigeukia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Kesho usiwaambie. Sema hajui kitu."

Ijumaa, kabla sijaenda kuswali, bibi aliniuliza mbele ya wote kama bado nashikilia maneno yangu. Nikasema ndiyo, mtoto hajui kitu. Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka nikainamisha macho.

"Haya," akasema. "Na abaki."