Baba Alirudi Mjini

Asubuhi ile ya mwisho wa vita, mwaka 1975, Saigon, baba alikuwa sebuleni akitia mafuta cherehani ya jirani, nami nikichambua mboga za supu. Bibi, mama yake mzazi, alimkaripia kwamba mafuta yanadondoka kwenye mkeka. Baba alikuwa na mvi tayari, lakini aliinama akapangusa kama mtoto. Nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alifariki zamani, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi watatu.

Haya nilimsimulia mjukuu wangu Neema mwezi uliopita, jikoni kwangu hapa Temple Hills. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Tanga. Tulikutana chuoni huku Marekani, na Kiswahili nilifundishwa na mama mkwe, kwa upendo na kwa kurekebishwa kila sentensi. Neema hukielewa, ila hunijibu kwa Kiingereza.

Siku ile, saa sita mchana, tulisikia mizinga upande wa uwanja wa ndege. Jirani akaja kutuambia kwamba jeshi la Kaskazini limefika ukingoni mwa mji.

Bibi alikataa kuondoka. Alisema mumewe amezikwa pale, naye hataki kufia baharini.

Baba hakubishana naye. Alinishika mkono, tukaenda gatini.

Njiani askari wetu walikuwa wakivua sare na kuzitupa barabarani. Tulizikanyaga.

Mtoni ilikuwepo meli moja. Ngazi yake ilishajaa watu.

Baba akaninyanyua. Wanawake waliokuwa juu wakanivuta.

"Baba, panda," nilimwambia.

"Narudi kwa bibi yako. Wewe ukifika, kula kwanza. Kulia ni baadaye."

Meli ikaondoka. Nilimwona akipenya katikati ya watu, peke yake akielekea mjini.

Barua yake ya kwanza ilinifikia baada ya miaka minne. Aliandika kwamba Bibi alifariki siku kumi na moja baada ya mimi kuondoka, usingizini, na kwamba amemzika kando ya mumewe. Kwa kuwa ujanani aliwahi kuendesha lori la jeshi letu, watawala wapya walimpeleka kambini kufunzwa upya siasa zao, miaka mitatu. Hilo aliliandika kwa mstari mmoja. Ukurasa mzima uliobaki aliniuliza kama huku kuna baridi, na kama nimenenepa.

Tuliandikiana hadi alipofariki. Hatukuonana tena. Safari ilipowezekana, nilikuta kaburi, na jirani yule yule akiwa kikongwe. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaniambia baba alikuwa akimsomea barua zangu kwa sauti, akiruka sehemu za huzuni.

Neema alisikiliza huku akimenya vitunguu. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kama nilimsamehe baba kwa kuniacha kwa ajili ya mtu aliyebakiza siku kumi na moja.

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Hakujua ni siku ngapi, na yule alikuwa mama yake.

Kisha nikamwambia jambo ambalo hata babu yake sikumwambia. Pale gatini nilimng'ang'ania baba shati mpaka likachanika begani. Laiti ningekuwa na nguvu zaidi, ningemvuta melini, Bibi angekufa peke yake, nami ningefurahi.

Neema aliweka kisu chini. "Pole, Bibi," akasema, kwa Kiswahili.