Baba Alipompigia Mtani Magoti

Jirani yangu hapa Chanika anayeyusha betri kuukuu za magari nyuma ya ukuta wake. Anatoa ile risasi laini, madini yenyewe, iliyomo ndani na kufinyanga vidonge vya kuzamishia nyavu, wavuvi wa Msasani wanakuja kununua. Nimeshamwambia moshi ule ni sumu, akafanyie kazi yake mbali na watoto. Ananiitikia, "Sawa, bibi," halafu anachochea moto. Juzi akatumbukiza kipande cha nta ya nyuki kwenye sufuria ili kutoa uchafu, na harufu ikaruka ukuta ikanikuta nachambua mchele. Nta inayoungua juu ya risasi ya moto. Niliweka ungo chini, maana harufu ile ni ya baba yangu, na kwa miaka mingi nilikuwa naionea haya.

Baba alikuwa fundi wa bunduki. Nyie mnaijua Chanika ya viwanja na mabati ya rangi. Sie tuliijua ya mihogo na nguruwe pori. Nguruwe wakiingia shamba usiku, asubuhi unakuta kama limelimwa na trekta, na mwenye shamba kakaa kwenye tuta anatazama miguu yake. Ndiyo maana wanaume walikuwa na magobore, na magobore yote yalipita mikononi mwa baba. Alikuwa anasokomeza nta laini kwenye mdomo wa gobore, anaitoa, anaigeuza juani akiitazama kama fundi cherehani anavyotazama kiuno cha bibi harusi. Kutokana na nta ile ndipo anachonga kalibu, na kwenye kalibu ndipo anamimina risasi ya moto. Hakuwahi kumpa mtu vichwa vya risasi vya bunduki ya mwenzake. "Kila mdomo na tonge lake," alikuwa anasema. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mvukuto na kufunga mdomo wangu. Ya kwanza niliiweza.

Mzee Maganga alikuwa mwanajeshi mstaafu, Mnyamwezi, aliyekuja kununua shamba jirani na letu. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wa zamani haukuwa huu wenu wa kutumiana vichekesho kwenye simu. Mtani anaingia nyumbani kwako bila hodi, anafunua chungu, anakula, anakutukana mpaka babu yako, na wewe ukikasirika umejivunjia heshima. Akinyakua kitu chako ndiyo kimekwenda. Hukidai, naye harudishi.

"We Mzaramo," alikuwa anaanza akiwa bado njiani, "ngoma imelala saa ngapi leo? Au ndiyo mnajiandaa na ya jioni?"

"Karibu mpagazi," baba anamjibu bila kuinua kichwa. "Mzigo umeutua wapi? Au umempa mkeo akubebee?"

Basi wanacheka mpaka mama anatoka jikoni na mwiko kuja kuona kuna nini.

Mzee Maganga alikuwa na bunduki mbili, kibali anacho, na zote ni za kujipakia zenyewe. Unavuta kidole inalia, unavuta tena inalia, mkono hauendi kwingine. Moja ilikuwa na mdomo mpana, mzito na mzee. Nyingine ilikuwa na mdomo mwembamba, nayo ndiyo aliyoipenda, anaipangusa kwa kanga mpya ya mkewe. Ulifika msimu risasi za kiwandani zikamwishia na dukani hakuna. Maganda matupu alikuwa nayo na kuyajaza anajua. Akamletea baba bunduki zote mbili amyeyushie vichwa.

Baba akasokomeza nta huku, akasokomeza huku. Akamimina vichwa vichache vya kila mdomo, akavikwaruza kwa kucha, akaenda kukaa nje peke yake. Aliporudi alisema ile pana atailisha. Ile nyembamba, hapana. Aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwepo na nilikuwa nimemuuliza.

"Huyu mpana anakwenda taratibu, anatafuna ugali," alisema. "Huyu mwembamba ana mbio mno. Tonge laini likipita kwa mbio linajipaka ukutani. La pili linajipaka juu ya la kwanza. Gobore unalijaza kwa mdomo, kila mara unachungulia. Hii ya kujipakia haikupi nafasi ya kuchungulia. Siku moja njia imeziba na yeye anavuta tu."

Vile vichwa vyembamba vya majaribio alivisogeza pembeni avirudishe kwenye sufuria. Kabla hajavirudisha, Mzee Maganga akaingia.

"Kumbe vyangu hivi," akasema, akavikumba vyote akavitia mfuko wa koti.

"Acha hivyo. Bunduki yako itakutapikia usoni."

"Hata hivyo uso wangu utapendeza kuliko huo wako."

Wateja waliokuwa wakingoja magobore yao wakacheka. Baba naye akacheka, kwa sababu mtani akikupiga dongo unacheka. Akasema tena, "Nakwambia utakufa, Mnyamwezi," na hilo likachekesha zaidi, maana watani kutakiana kifo ndiyo salamu yao. Mie nilikuwa kwenye mvukuto na nilimwona baba anageuka kuangalia moto. Alikuwa hacheki tena. Kila neno la kweli alilokuwa nalo, kwa mtu yule lilikuwa limeshageuka mzaha kabla halijatoka mdomoni.

Ikafika siku ya msako wa nguruwe. Kijiji kizima kilitoka alfajiri: watoto na madebe ya kupiga kelele, wanawake na mipini ya majembe, wanaume na magobore wamejipanga upande wa bonde ambako nguruwe wangekimbilia. Mbele kabisa, pahali pa mpigaji mkubwa, amesimama Mzee Maganga na ile bunduki nyembamba inang'aa.

Baba aliiona tukiwa bado mbali. Akaniachia mkono. Akatembea mpaka pale, akavua kofia yake, na mbele ya kijiji akapiga magoti kwenye matope.

Kicheko kilichopanda pale hamjawahi kukisikia. Wanawake walishikana mabega. Mtu akapiga kelele, "Fundi, umeposwa?" Mwingine akasema, "Mzaramo kamkumbuka bwana wake." Mzee Maganga mwenyewe alicheka mpaka akapangusa machozi. "Inuka, bibi harusi," akasema, "mahari nitaleta."

Baba hakuinuka. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa bunduki akauziba. Akasema, "Ndugu yangu Maganga, usipige hii."

Ndugu yangu. Watani hawaitani hivyo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mashavu ya baba yamelowa. Nikainua debe langu nikajifunika uso. Mbele ya watoto wenzangu, mbele ya mwalimu wetu wa madrasa, baba yangu analia kwenye matope akiwa ameshika bunduki ya mtu. Niliiomba ardhi inimeze na haikunisikia.

Mzee Maganga aliacha kucheka. Alimtazama baba, akageuka akaenda kwake kuchukua ile pana. Lakini nguruwe hawakungoja. Wakati anarudi walishapasua mstari kwenye lile pengo lake, wakaingia shamba la Mama Pili, mjane, wakala mpaka wakashiba.

Sasa fikirini wenyewe watu walisema nini. Hakuna bunduki iliyopasuka, hakuna mtu aliyeumia. Kilichoonekana kwa macho ni mihogo ya mjane na fundi aliyelia. Kisimani wakanipa jina, Binti Magoti. Wateja wa baba wakapungua, kwa sababu nani anampelekea gobore mtu anayeogopa bunduki? Mama alimpelekea Mama Pili mihogo yetu mpaka tukabaki na mashina. Baba hakujitetea hata siku moja. Nami nilikuwa nikimwona anakuja njia ile ninayopita na wenzangu, nakata kushoto. Nilipoolewa Temeke nilifurahi kuliko bibi harusi anavyotakiwa kufurahi. Wakwe waliponiuliza kazi ya baba, nilisema mkulima.

Baba alifariki akiwa mzee, wajukuu anao. Siku ya mazishi watani walikuja kama desturi, kulala njiani jeneza lisipite, kumwigiza marehemu, kudai wapewe chochote ndipo waachie. Sie wanawake tulikuwa mlangoni. Mzee Maganga akaja na mkongojo, macho yameingia ndani. Nikajua. Moyo wangu ulisema, leo atayatoa yale magoti mbele ya wakwe zangu.

Akayatoa kweli. Akavua kofia, akashuka polepole mpaka chini, mbele ya jeneza. Wazee waliokumbuka wakaanza kucheka, vijana wakacheka kwa kuwafuata. Mie nikavuta mtandio nikajifunika, uzee huu nao unakaribia, na bado nikafanya kama mtoto wa debe.

Halafu kicheko kikafa, nikafunua.

Mzee Maganga alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Akatoa vile vichwa vyembamba, vimeota ukungu mweupe kwa ukale, akavipanga kimoja kimoja juu ya mchanga. Mtani anarudisha kitu. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona hilo, wazee wakatazamana.

"Ndugu yangu Kondo," akasema, na hilo ndilo lilikuwa jina la baba, "vyako hivi."

Aliegemeza mikono miwili chini ili ainuke, na uzee ukamchelewesha, kwa hiyo nikapata muda wa kumtazama. Mikono mikubwa ya mwanajeshi, imekunjamana, vidole vyote vipo. Uso upo. Macho mawili yaliyozama yananitazama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yangu kubwa kuliko zote, ilikuwa inatembea na mkongojo kijijini miaka yote ile, na mie nilikuwa nikipishana nayo njiani bila kuijua.

Ungo wa mchele ulikuwa bado miguuni nilipoacha kuwaza haya. Nikainuka nikaenda kwa jirani. Nikamwambia, "Mwanangu, sogeza moto wako kule mwisho, watoto wanavuta sumu."

"Sawa, bibi," akasema, akacheka, akachochea.

Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Wapangaji wanafua, madereva wa bodaboda wamekaa kivulini. Nikafunga kanga yangu vizuri, nikashika ukuta, nikaanza kupiga magoti.