Kurasa za Pangoni

Kiongozi wa ibada yetu ya Ijumaa kule Kandara, Jeddah, alikuwa mlinzi wa ghala, lakini sisi Wakenya wenzake tulimwita mchungaji, na jina hilo lilimvimbisha kichwa. Alikuwa na kijitabu cha maisha na maandishi ya mtawa mmoja wa kale wa Bulgaria, aliyeishi pangoni miaka mingi. Kukutwa na kitabu kizima cha Kikristo katika nchi ile kungetuponza, kwa hiyo alikichana akatugawia, kila mtu ukurasa wake, tukaficha kwenye soksi na pakiti za unga. Wanawake wa kazi za ndani wote walipewa kurasa za pangoni: mtawa na njaa, mtawa na baridi, mtawa asiyelalamika. Wosia ambao mtawa aliwaandikia wanafunzi wake, mchungaji alibaki nao. Eti ulikuwa mzito kwetu.

Mimi nilikuwa dereva wa nyumba moja Aziziya. Dada aliyefanya kazi humo nilimpeleka ibadani kila madam alipokwenda kwa mama yake. Ijumaa moja alivua mtandio akatuonyesha shingo iliyochomwa kwa pasi.

"Nisaidieni nifike ubalozini Riyadh," alisema. "Mnisindikize tu mpaka kwa basi. Kurudi kwa hiyo nyumba siwezi."

"Dada, soma ukurasa wako," mchungaji akamjibu. "Mtawa alitoroka pango?"

Wanaume tisa tukaitikia amina. Mashujaa wakubwa sisi, kila mmoja akiwaza ikama yake, kile kibali cha kuishi kilichokuwa mikononi mwa bosi. Nikamrudisha kwa gari la bosi, na njiani nikamhubiria uvumilivu, mimi niliyelala na ufunguo wa chumba changu mfukoni, ilhali yeye alifungiwa kwa nje kila usiku.

Wiki mbili baadaye mchungaji alikwenda likizo, akaniachia wosia nimtunzie. Niliusoma garini nikimngoja madam dukani. Mtawa aliwasihi ndugu zake wakae pamoja, wabebane, asiachwe aliye dhaifu. Na pangoni aliingia kwa hiari yake. Hakuna aliyemfungia mlango kwa nje. Mchungaji, mnafiki yule, alikuwa na maneno hayo mfukoni siku ile dada alipotuonyesha shingo.

Tulipofika nyumbani nikaenda moja kwa moja jikoni kumwambia dada kwamba nitampeleka Riyadh mwenyewe. Nikakuta mwanamke mgeni akiosha vyombo. Simu ya dada ilikuwa juu ya friji, imezimwa.

"Halas, yamekwisha," bosi akaniambia. "Yuko Riyadh, nimempa ndugu yangu."