Maziwa Hayakumwagika

Ninyi mliokulia upande wetu wa Moiben, mkapelekwa shuleni kwa pikapu za maziwa, hamhitaji kuelezwa baridi ya asubuhi zile. Nakumbuka umande mzito uliotulowesha hadi magotini, moshi wa magunzi ukitambaa kutoka jikoni, na pikapu ya buluu ya baba ikikohoa nyuma ya zizi kabla ya kukubali kuwaka. Tulikuwa tumekwisha kula kiporo cha ugali kwa mursik, maziwa lala yenye chembe za mkaa wa kibuyu, na midomo yetu ilikuwa bado na weusi wake tulipopanda nyuma na kujipenyeza kati ya mikebe. Watoto wa siku hizi hununa mtandao ukikatika wakiwa wamejifunika blanketi. Sisi tuliimba mvua ikitunyeshea, tukafika shuleni tumelowa chepechepe, tukacheza kati kwa mpira na bano kwa gololi hadi nguo zikakaukia mwilini.

Pikapu ile ilipofika nyumbani ilikuwa na mikanda ya usalama kwenye viti vya mbele. Haikukaa. Baba aliikata kwa kisu cha kuchinjia, akaipitisha kwenye vishikio vya mikebe ya maziwa na kuifunga kwenye vyuma vya pembeni. Barabara yetu ya udongo ilikuwa na mashimo yasiyo na huruma, na mkebe mmoja ukipinduka, kazi ya mama ya tangu alfajiri ilikuwa imenyweshwa vumbi. Majirani walikuja kutazama, wakasifu werevu wa baba, na baadhi yao wakaenda kukata ya kwao.

“Mkanda ni wa mzigo,” baba alipenda kusema. “Mtu amepewa mikono ajishikilie.”

Tulicheka kila aliposema hivyo. Sentensi hiyo ilienea hadi sokoni Ziwa, ikawa inasemwa na watu wasiomjua aliyeianzisha.

Kiti cha mbele kilikuwa tuzo. Muhula ukifungwa, baba alizisoma ripoti zetu akiwa amesimama mlangoni, na aliyefanya vizuri kuliko wenzake aliketi kando yake muhula wote uliofuata, kwenye joto la injini, akitupungia mkono kupitia kioo cha nyuma kama mke wa chifu. Dada yangu mkubwa, Cherono, alikishinda kiti hicho mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuamini kilitengenezwa kwa kipimo chake. Mdogo wetu Kibet alikuwa bado anabebwa mgongoni, na hakumbuki lolote kati ya haya.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia ilikuwa na ukungu. Hatukuwa tukikimbia, barabara ile haikumruhusu mtu kwenda mbio. Ng’ombe wa jirani alijitokeza ghafla kwenye kona, baba akakanyaga breki, pikapu ikateleza na kugonga ukingo wa kalavati. Mimi nilikuwa nyuma, na vidole vyangu vilikuwa vimeushika mkanda wa mkebe, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Mkanda huo ulinizuia. Baba alizuiwa na usukani, ukamvunja mbavu. Cherono, aliyeketi kwenye kiti cha heshima, hakuzuiwa na kitu. Alipita kwenye kioo cha mbele.

Mikebe ilibaki wima. Hakuna hata mmoja uliofunguka kifuniko. Jioni, waombolezaji walipojaa uani na wanawake wakatafuta cha kuwapikia, ni maziwa yale yale yaliyopatikana. Yalichemshwa, yakatiwa majani na sukari, yakamiminwa vikombeni. Watu walikunywa chai ile wakisema pole, na mimi nilipewa kikombe changu, nikanywa, kwa kuwa nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa. Mama alikitazama cha kwake hadi kikafanya utando. Tangu siku ile hajanywa chai ya maziwa. Hunywa turungi, katika nyumba yenye ng’ombe zizini.

Nilipofika chuoni nilikutana na wenzangu, watu ninaowaheshimu, waliosema kwamba sheria ya kumlazimisha mtu mzima afunge mkanda ni dharau: mwili ni wake, hatari ni yake, serikali ikae kando. Niliwasikiliza kwa makini. Kisha nikajiuliza ni lini Cherono aliamua. Mikanda ilikatwa kabla hajatimiza kimo cha kuona nje ya dirisha. Na hata angekuwa mtu mzima, nani amewadanganya watu kwamba kifo hubaki ndani ya mwili wa aliyekufa? Cha dada yangu kimekaa ndani ya kikombe cha mama kila asubuhi. Kwa hiyo naamini sheria inapaswa kulazimisha, na niliamini kwamba ikishalazimisha, tutaokoka.

Sheria ipo. Hilo ndilo linalonivunja moyo. Ukielekea Eldoret mjini, utawaona madereva wakiivuta mikanda begani wanapokaribia kizuizi cha polisi, bila hata kuichomeka, na kuiachia wakishapita. Kibet, ambaye sasa ndiye anayepeleka maziwa, ana ujanja zaidi. Pikapu yake mpya hulia mlio wa kuudhi dereva asipofunga mkanda, basi ameuchomeka wa kwake na wa abiria nyuma ya migongo ya viti, na gari limenyamaza.

Ana binti wa miaka sita. Tulimpa jina la marehemu dada yetu, ndivyo ilivyo desturi kwetu. Desemba iliyopita nilimkuta Cherono huyu mdogo amesimama kwenye kiti cha mbele, tayari kwa safari ya kupeleka maziwa, mikono yote miwili ikiwa juu ya dashibodi.

“Kibet, mfunge mtoto mkanda,” nilisema.

“Wa nini, na tunaenda hapa tu? Ama ulienda chuo ukarudi askari?”

“Sheria haikusema hapa tu.”

“Sheria iko kwa lami, dadangu. Hapa ni shamba ya Mzee.”

Mtoto aliona ananisaidia kuelewa. “Senge,” aliniita, maana mimi ni shangazi yake, “mkanda ni ya mzigo! Mimi si mzigo!”

Kibet alicheka sana. Sijui kama ni yeye aliyemfundisha mtoto maneno hayo au mtoto aliyasikia sokoni. Baba hajayatamka maneno yale tangu tulipomzika dada. Alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na zizi, na aliyasikia vizuri. Nilimtazama. Nilitaka aseme neno moja tu, maana mimi nina hoja na yeye ana haki ya kusikilizwa, na pikapu ile ilikuwa inangoja kuondoka. Alisimama polepole. Alikwenda nyuma ya pikapu, akaishika mikanda iliyofunga mikebe, akaivuta mmoja baada ya mwingine, akihakikisha imekaza. Kisha akarudi kuketi.

Enzi zetu tulicheka kwa sababu hatukujua. Hata baba hakujua, na nimemsamehe. Leo kila mtu kijijini anajua kaburi lilipo, mikanda imo garini, mizima, na kicheko ni kile kile. Nilipokuwa mdogo nilidhani ujinga ndio uliotuua. Siku hizi sina hata wa kumlaumu kwa ujinga.

Pikapu iliondoka, Cherono akinipungia mkono kupitia kioo cha nyuma. Mama alisimama langoni na kikombe chake cha turungi hadi mlio wa injini ulipopotea upande wa kalavati. Siku ile maziwa yalifika, na mtoto akafika. Kesho yake, kabla jua halijatoka, mama alikuwa langoni tena.